Ukiomba kazi ya uhudumu kwenye shirika dogo la ndege, fikiria kiti cha nyuma

Barua ya kwanza niliyoandika kuomba kazi ya uhudumu wa ndege ilikuwa na neno "ndoto" mara nne. Nilikuja kuyahesabu baadaye sana, nilipoikuta barua hiyo kwenye kisanduku changu cha zamani cha barua pepe. Ilikuwa na "tangu nikiwa mdogo", ilikuwa na "napenda kusafiri na kukutana na watu wa kila aina", na ilimalizika kwa ahadi kwamba tabasamu langu halikauki. Haikujibiwa. Wakati ule nilisema ni mambo ya kujuana. Leo nina miaka 11 kwenye ndege za pangaboi, na katika sita ya mwisho nimekuwa nikiitwa kukaa upande wa pili wa meza siku za usaili. Ningeipokea barua ile leo, hata mimi nisingeijibu.

Kosa lake halikuwa lugha. Niliomba kazi ambayo sikuijua. Nilikuwa nimeiona kwa macho ya abiria, na abiria huona vazi la kazi, toroli ya vinywaji na mtu anayeonyesha kwa mikono milango iko wapi.

Shirika la kikanda lina ndege ndogo na safari fupi, na jambo hilo moja linabadilisha kila kitu kwenye kazi hii. Kanuni inayofuatwa sehemu nyingi duniani ni mhudumu mmoja kwa kila viti 50. Ndege ya viti 50 kamili, basi, ina mhudumu mmoja tu. ATR 72 au Dash 8-400, ndege za pangaboi ambazo hubeba watu 70 hivi, zina wawili, mmoja mbele na mwingine nyuma. Ndege yenye viti 19 kushuka chini kwa kawaida haina mhudumu kabisa. Kwenye ndege kubwa ya masafa marefu, mgeni kazini amezungukwa na wenzake kumi na zaidi, na akisahau jambo yupo wa kumtonya. Kwetu, wiki chache baada ya mafunzo, mlango unafungwa na wewe umekaa kwenye kiti cha kukunja kule nyuma, mbele yako visogo 35, mkononi una simu ya kuongea na marubani, basi. Mwenzako yuko mbele, na katikati yenu kuna toroli.

Kwa hiyo anayesoma maombi yako, na anayekutazama siku ya usaili, ana swali moja kichwani hata kama hulisikii likitamkwa. Huyu naweza kumwacha peke yake kule nyuma?

Soma kila ninachosema hapa chini ukiwa na swali hilo.

Jipime, kisha panga karatasi

Umri wa chini mara nyingi ni miaka 18. Umoja wa Ulaya umeuweka kwenye sheria, na mashirika mengine duniani hupandisha hadi 20 au 21. Hapo huna la kufanya zaidi ya kusubiri.

Urefu ndio unaosumbua watu, na wengi hawaelewi kinachopimwa. Wanadhani tunatafuta warefu kwa ajili ya sura. Siku ya usaili utaambiwa uvue viatu, usimame kwa vidole vya miguu na unyooshe mkono ukutani, ambako kuna alama, aghalabu sentimita 210 au 212. Tunataka kujua kama unafikia vifaa vya dharura vinavyokaa kwenye makabati ya juu ya viti. Chora mstari wa penseli ukutani kwako leo, ujaribu asubuhi na jioni. Ukikosa kwa sentimita moja, usiandike kwamba unafika. Kuna msichana aliyeandika hivyo, akaja akarukaruka mbele ya ukuta huku sote tukitazama chini kwa huruma. Hakuwa na haja ya kupitia hayo, maana mashirika yenye ndege ndogo mengine hushusha alama ile, na angeweza kuuliza kwanza.

Warefu nao wana lao. Ndani ya ATR, kutoka sakafu ya ujia hadi dari ni mita 1.91. Mwenzangu mmoja ana mita 1.88, na ukiongeza soli za viatu amejifunza kutembea kama mtu anayetafuta pete iliyoanguka. Jambo hili lina umri mrefu. Ellen Church, muuguzi wa Marekani anayetambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza kufanya kazi hii, aliruka safari yake ya kwanza Mei 15, 1930, na wauguzi walioajiriwa naye walitakiwa wasizidi futi 5 na inchi 4, kwa kuwa ndege zenyewe zilikuwa finyu. Mwenyewe Church alitaka urubani. Walipomkatalia, akashauri waajiri wauguzi wa kuhudumia abiria. Nampenda kwa hilo, na kwa kuwa aliingia kazini akiwa tayari anajua kumshika mtu anayeogopa.

Karatasi. Pasipoti yenye muda wa kutosha, vyeti vya shule, cheti cha kuzaliwa, cheti cha polisi cha kutokuwa na makosa, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano kama safari za shirika hilo zinapita nchi zinazokidai. Cheti hicho tangu Julai 2016 kinahesabika cha maisha, kwa hiyo usikubali mtu akuuzie chanjo ya pili kwa sababu miaka 10 imepita. Sasa lililo muhimu kuliko yote hayo: weka vyeti vyote mezani, ulinganishe jina lako herufi kwa herufi. Pasipoti ina majina matatu, cheti cha shule kina mawili, cheti cha kuzaliwa kina herufi moja tofauti. Siku ya kawaida hakuna anayejali. Ukifika kwenye kitambulisho cha kuingilia maeneo ya ndani ya uwanja wa ndege, kila herufi inajaliwa, na nimeona watu waliofaulu kila kitu wakikosa darasa la mafunzo kwa sababu ya hati ya kiapo waliyoanza kuitafuta wiki ya mwisho.

Kitambulisho hicho hicho kina uchunguzi wa maisha yako ya nyuma. Ulaya huangalia angalau miaka 5: ulikuwa wapi, ukifanya nini, na pengo lolote lielezwe. Andika orodha yako sasa, mwezi na mwaka. Kama miezi minane ulikaa nyumbani kumuuguza mzazi, andika hivyo hivyo. Pengo lililoelezwa halimtishi mtu.

Na hili la utapeli niliseme mara moja nisonge mbele. Hakuna shirika la kweli linalotoza pesa ili usailiwe, wala ili jina lako lisogezwe juu. Unaweza kuombwa kugharimia vipimo vya afya, lakini hapo unamlipa daktari kliniki ukiwa umesimama mbele ya dirisha lake, si mtu wa kwenye simu. Ukipata barua pepe ya kazi, ifunge, nenda mwenyewe kwenye tovuti ya shirika uitafute nafasi hiyo pale.

Barua na wasifu

Mpwa wangu alinitumia barua yake mwaka jana niipitie. Nikamrudishia na swali: nitajie siku moja uliyobaki peke yako na watu wengi waliokasirika. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika sita. Alikuwa kaunta ya kampuni ya mabasi usiku, basi likaharibika njiani, abiria 40 wakawa wanapiga meza, meneja hapatikani kwenye simu. Akawatafuta kwanza wenye watoto wachanga akawakalisha kwenye ofisi, akaandika kwenye karatasi kubwa kile anachokijua na saa atakayotoa taarifa nyingine, na saa hiyo ilipofika akatoka kusema ingawa hakuwa na jipya. Kwenye barua yake, habari yote hiyo ilikuwa imefupishwa kuwa "nina uzoefu wa huduma kwa wateja na uwezo wa kufanya kazi kwenye mazingira yenye shinikizo".

Nilimwambia afute sentensi ile aweke karatasi kubwa.

Barua nzuri kwangu ina aya tatu. Ya kwanza inasema nafasi gani unaomba na kwamba vigezo vya tangazo unavitimiza, vikitajwa kwa namba: umri, mkono unafika wapi, pasipoti inaisha lini, lugha. Ya pili ni tukio moja, lenye watu wangapi, nini kiliharibika, wewe ulifanya nini kwanza na nini cha pili. Ya tatu inaonyesha unalijua shirika hilo. Hapa usinakili maneno yao ya kujisifu. Tafuta wana ndege za aina gani, zinalala uwanja gani, safari yao fupi kuliko zote ni ya dakika ngapi. Mtu akiandika "naelewa kwamba ATR zenu zinaweza kupaa na kutua mara nne hadi sita kwa siku, na kwamba kwenye safari ya dakika 40 muda wa kuhudumia haufiki nusu saa", namwita hata kama picha yake ina kivuli.

Kuhusu uzoefu, wala usione haya kwamba hujawahi kupanda ndege. Nimewahi kupitisha mlinzi wa bwawa la kuogelea, mwalimu wa chekechea, muuguzi, na kijana aliyekuwa akipokea wageni hotelini zamu ya usiku. Mwalimu wa chekechea alikuwa bora kuliko wote, kwa sababu alishazoea kusema jambo mara kumi na sauti isibadilike.

Lugha, andika unazozijua kwa kiwango unachokijua. Mimi kwenye maombi yangu ya pili niliandika "Kifaransa: kizuri". Msaili akafunga faili, akaniambia kwa Kifaransa, polepole kabisa, kwamba kuna moshi chooni na mbele yangu yupo abiria asiyejua lugha nyingine, nimweleze la kufanya. Nilisema "pardon". Nikalirudia. Baadaye niliambiwa kwamba kilichoniokoa ni kuwa mwishowe niliacha kubabaika na maneno nikamwonyesha kwa mikono: inama, funika pua, nifuate. Wewe usiitegemee bahati hiyo.

Picha: moja ya uso, moja ya mwili mzima, mwanga wa mchana, ukuta mtupu nyuma yako, nywele zimefungwa au zimenyolewa vizuri, tabasamu la mtu anayemsalimu jirani. Usitumie programu za kulainisha ngozi. Tutakuona.

Siku yenyewe

Fika mapema, na ujue kwamba usaili unaanzia mapokezi. Yule dada anayekupa kibandiko cha jina huulizwa mwisho wa siku nani alimsalimu. Huo si mtego. Abiria naye huingia akiwa na mawazo yake, na mhudumu asiyeona watu anaowapita ataingia ndani ya ndege hivyo hivyo.

Kwa kawaida mtaanza wengi, mtapungua kila hatua: kipimo cha mkono, mtihani mfupi wa maandishi, kusoma kwa sauti, kazi ya kikundi, kisha mahojiano ya mtu mmoja mmoja. Mtihani wa maandishi hauna maajabu, hesabu ndogo na kuelewa kifungu cha habari. Ila jifunze mambo mawili kabla hujaja, yatakusaidia mpaka mafunzoni. Alfabeti ya anga, Alfa, Bravo, Charlie, Delta, hadi Zulu, uweze kutaja namba ya kiti au jina la mtu bila kukwama. Na saa za tarakimu nne. Ratiba zetu huandikwa 0500, 1430, 2215, na mara nyingi kwa saa za dunia ambazo huitwa Zulu. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna mtego wetu wa pekee hapo. 0500 ya saa za hapa kwetu ni saa kumi na moja alfajiri. Nina mwanafunzi aliyeiona tano akaja saa tano asubuhi, amependeza, ameshika kikoba chake, na ndege yake ilishakwenda na kurudi.

Kusoma kwa sauti kunawaangusha wengi waliodhani ni jambo dogo. Utapewa tangazo la abiria, pengine la kawaida, pengine la dharura. Watu husoma haraka kwa woga, na wengine hubadili sauti wakaanza kuimba kama matangazo ya biashara. Jirekodi kwa simu nyumbani ukiwa umekaa, kisha jisikilize ukiwa chumba kingine na mlango umerudishwa. Neno ambalo hulisikii vizuri, abiria aliye karibu na injini hatalisikia kabisa. Kwenye ndege ya pangaboi kelele ni mwenzako wa kudumu. Punguza mwendo, tamka miisho ya maneno, pumzika kwenye nukta.

Kazi ya kikundi nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Mnapewa orodha, tuseme vitu 15 vilivyobaki baada ya boti kuzama, mkubaliane vitano vya kuokoa. Majibu yenyewe hatuyajali sana. Siku moja kijana mmoja alinyakua kalamu tangu mwanzo, akasimama ubaoni, akaongea vizuri sana, na dakika zote nane hakumtazama mtu. Pembeni alikuwapo binti aliyesema maneno machache. Alisema "tumebakiza dakika tatu". Kisha akamgeukia mwenzake aliyekuwa kimya akamuuliza, "Wewe ulitaka kusema kuhusu maji?" Yule wa maji alikuwa na hoja iliyobadilisha orodha nzima. Wote watatu tuliokuwa tukiandika tuliandika jina la binti. Kijana wa ubaoni aliondoka akiwa na uhakika ameshinda, na kwa kweli nilimsikitikia, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuongoza ni pamoja na kusikia.

Halafu mahojiano, na hapa nikae kidogo.

Utaulizwa kwa nini unataka kazi hii, jibu unalo. Utaulizwa kuhusu nyakati ulizogombana na mwenzako kazini, ulizokosea, ulizofuata kanuni usiyoipenda. Kwa kila moja eleza tukio, ulichofanya wewe, na lilivyoisha, ikiwemo lilipoisha vibaya. Ila yanayotenganisha watu kwenye mashirika ya ndege ndogo ni maswali ya "utafanya nini", nami nitakupa ninaloliuliza karibu kila mara, maana hata ukilijua halina njia ya mkato.

Ndege ina abiria 41 kati ya viti 70. Milango imefungwa. Abiria wanne, waungwana, wanaona mbele kuna nafasi, wanahama kutoka nyuma kwenda kukaa mbele. Mmoja anakuambia hakuna anayedhurika. Utafanya nini?

Wengi hujibu kwamba mteja ni mfalme, almuradi wamefunga mikanda. Wengine hujibu kwamba watawarudisha kwa kuwa kila mtu anatakiwa akae kwenye kiti chake. Wa pili wamekaribia. Kwenye ndege ndogo, watu wameketi wapi ni sehemu ya hesabu ya uzito na mizani, yaani ndege isielemee mbele wala nyuma, ambayo kapteni ameisaini kabla ya kuondoka. Watu wanne na mizigo yao ya mkononi wakihama safu kumi, hesabu ile inaweza kuwa si ya kweli tena. Kwa hiyo unawarudisha kwa adabu kabla ndege haijasogea, na kama kuna sababu ya kuwaacha huko walikohamia, unampigia kapteni yeye ndiye aamue. Simtegemei mtu wa mtaani ajue mizani ya ndege. Ninachosikiliza ni kama atasema maneno haya, "ningemuuliza kapteni", au "ningewarudisha kwanza halafu niulize sababu". Asiyejua akajua kwamba hajui, akasimama upande wa salama, huyo nitamfundisha. Anayetunga jibu ili apendeze ananitia hofu.

Swali jingine la mtindo huo: unahudumia, toroli iko katikati ya ujia, ndege inaanza kutikisika vibaya, na abiria wa safu ya mwisho hawajapata maji. Hapo tabasamu lisilokauka ndilo linaloua kazi. Unafunga breki za toroli, unairudisha jikoni kama kuna muda, kama hakuna unaiegemeza na kuizuia, unakaa na kufunga mkanda. Maji watakunywa wakitua. Na hili nalo: mwenzako unayemheshimu amekuja kazini ananukia pombe. Watu huanza kuzungukazunguka, eti atampa kahawa, atamfunika kazi. Marekani sheria inakataza mtu wa wafanyakazi wa ndege kunywa ndani ya saa 8 kabla ya kazi, na hakuna nchi ninayoijua inayoruhusu aliyelewa apande kufanya kazi. Jibu ni fupi: haruki, na namwambia kapteni sasa hivi. Ukilisema kwa huzuni ni sawa, mradi uliseme.

Kwa nini tunang'ang'ania haya na si mapishi na adabu za mezani? Ndege yenye viti zaidi ya 44 haipati kibali cha kubeba abiria mpaka ithibitishwe kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, nusu ya milango ikiwa haitumiki. Sekunde hizo zinahesabiwa pamoja na mhudumu anayejua lake. Kabla ya kila kupaa na kila kutua, nikiwa kwenye kiti cha kukunja, napitia kimya kimya kichwani: mlango wangu unafunguka vipi, nitaamrisha nini, nani ananiziba njia, nani karibu nami ana nguvu za kusaidia. ATR haina mitelezo ya kuokolea kama ndege kubwa kwa kuwa iko chini chini, na pangaboi liko pale pale abiria wanapotaka kukimbilia. Ukiweza kuzungumza kuhusu kazi hii kama mtu aliyeshawahi kuwaza hivyo hata mara moja, umetuacha na la kuandika.

Ukipewa nafasi ya kuuliza, uliza. Uliza kituo chako kitakuwa uwanja gani, mafunzo ni wiki ngapi na kama yana malipo, zamu za kusubiri nyumbani zikoje. Usiulize kwanza tiketi za bure za ndugu. Zipo, utazijua.

Na ukiulizwa kama utatuhama kwenda shirika kubwa, usiape kwamba utazeekea kwetu. Sote tunajua watu huhama. Mmoja alijibu, "Pengine. Lakini nikihama nataka niwe nimejifunza kazi mahali ambapo siwezi kujificha." Alipita, yuko nasi hadi leo.

Wakikuita

Utapelekwa kupimwa afya: macho, masikio, moyo, mgongo, mkojo. Masikio na pua yachukulie kwa uzito, kwa sababu anayeruka safari fupi hupanda na kushuka mara nyingi zaidi kuliko wa masafa marefu, na kila kushuka masikio ndiyo yanayolipa. Ukiwa na mafua siku ya kipimo, omba tarehe nyingine, usimeze vidonge ukaenda.

Mkataba usome ukiwa umekaa, na usiusaini siku hiyo hiyo. Tazama mambo manne. Mshahara umegawanyika vipi kati ya kiasi cha kila mwezi na malipo ya saa za kuruka, na saa hizo zinaanza kuhesabiwa lini, maana kwenye mashirika mengi saa huanza ndege inapoondoka maegeshoni na kukoma inaposimama, kwa hiyo dakika 30 za kupakia abiria kwenye mvua huna chako, na kwa safari fupi dakika hizo zinajirudia mara sita. Zamu ya kusubiri inakutaka ufike uwanjani ndani ya muda gani baada ya kupigiwa, kwa sababu hiyo ndiyo itakayoamua utapanga chumba wapi. Kipindi cha majaribio ni kirefu kiasi gani. Na kifungu cha kurudisha gharama za mafunzo ukiacha kazi mapema: ni kiasi gani, kinapungua kila mwezi au kinabaki kizima mpaka siku ya mwisho? Mimi sikukisoma changu. Cha kwangu kilikuwa kizima kwa miaka miwili, na nilikijua nilipotaka kuondoka mwezi wa 22 kwa ajili ya ugonjwa wa mama. Nilibaki, si kwa kupenda.

Mafunzo yenyewe ni wiki kadhaa za kuzima moto wa kweli, kuingia chumba chenye moshi huoni mkono wako, kufungua milango, kupanda kwenye boya ukiwa na nguo zilizolowa, kumkandamiza kifua mgonjwa wa plastiki mpaka mikono itetemeke. Kama hujui kuogelea, anza kujifunza siku unayotuma maombi, usisubiri majibu. Mtihani wa mwisho una alama ya juu ya kufaulu, na anayeanguka mara nyingi ni yule aliyefikiri sehemu ngumu iliisha siku ya usaili.

Wasipokuita, soma kama barua yao inataja muda wa kukaa kabla ya kuomba tena. Mashirika mengi huweka miezi sita au mwaka, na hawaandiki sababu za kukukataa. Ukiomba kabla ya muda huo mfumo utakutupa nje bila mtu kukusoma. Tumia muda huo kuingia karibu na kazi: kaunta ya kukagua tiketi, huduma za ardhini uwanjani, mapokezi ya usiku, darasa la huduma ya kwanza lenye cheti. Mimi nilikaa miezi tisa kaunta ya mizigo iliyopotea. Watu walinifokea kila siku kwa makosa ambayo sikuyafanya, na nilipokuja kuandika barua yangu ya pili, aya ya katikati nilikuwa nayo tayari.